Mhesabu Watu wa Njia Panda

Siku ya nne Mika Mlowe alihesabu watu kumi na mmoja tu, mbuzi wawili, na baiskeli moja iliyokuwa inakokotwa kwa sababu gurudumu lilikuwa limepasuka. Siku ya kwanza walikuwa wamepita watu mia moja thelathini na sita. Siku ya pili tisini. Ya tatu arobaini. Sasa alitazama barabara ya Iringa, akatazama ya Mbeya, akatazama ya Njombe, zote zimekaa na vumbi lake la Julai, na hakukuwa na mtu. Ungedhani Makambako imehama.

Haikuwa imehama. Kutoka kwenye kigoda chake Mika aliona vichwa vikipita katikati ya mabua ya mahindi, hatua mia mbili hivi kutoka barabarani. Watu walikuwa na mizigo yao, wameinama kama wezi, wanakata mashamba ya wenzao ili wasipite mbele yake.

Mwaka huo, 1953, mfanyabiashara mmoja wa Njombe aitwaye Bwana Nurali alikuwa anataka kufungua duka la pili. Hakujua alijenge Makambako kwenye njia panda au Ilembula karibu na hospitali ya misheni. Akamwita Mika, aliyekuwa na darasa la nne na mwandiko mzuri, akampa daftari, kalamu mbili za risasi na maagizo. Kwa wiki tatu, toka asubuhi mpaka jua linazama, aandike wanaopita ni wangapi, wanaelekea wapi, wamebeba nini na wamevaa nini. Asimwulize mtu jina. Na asimwambie mtu yeyote kazi ni ya nani, maana wenye maduka wengine wakisikia watawahi wao. Malipo shilingi thelathini.

"Na hesabu ikionyesha kwamba duka litaenda," alimalizia Bwana Nurali, "nitahitaji karani. Afadhali karani awe mtu ninayejua mwandiko wake."

Mika hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa amekwenda mkonge Tanga mara mbili kama manamba, kibarua wa mkataba. Mara ya pili alirudi na kikohozi, akamkuta binti yake Ida anamkimbia na kujificha nyuma ya bibi yake. Sasa karani wa manamba alikuwa amepita tena Makambako, na jina la Mika lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi yake, pembeni, kwa sharti. Mwisho wa mwezi lori lingekuja. Kama hakuna kazi nyingine, angepanda.

* * *

Asubuhi ya siku ya tano, Tabea, mke wa Mika, alikwenda kisimani akakuta wanawake sita. Walipomwona walinyamaza. Mmoja alisogeza ndoo yake, kisha wa pili akasogeza yake, hadi ndoo ya Tabea ikabaki peke yake upande mmoja.

"Kamwene," aliwasalimu.

"Kamwene," waliitikia, lakini kwa sauti ya chini.

Aliyevumilia kidogo kuliko wote alikuwa Emerensiana, jirani yake, mwanamke wa Kikatoliki aliyekuwa akiuza maharage na kujua habari za kila nyumba.

"Mama Ida, nikuulize kitu. Mumeo anaandika kodi ya nani? Ya wanaume kama zamani, au sasa na sisi tumeingizwa?"

"Kodi gani?"

"Usijifanye hujui. Mtu akae barabarani na daftari, akuangalie, aandike, hiyo si kodi ni nini? Na mbona anaandika mpaka nguo? Juzi amemtazama Telesia toka kichwani mpaka miguuni, halafu akaandika. Telesia karudi nyumbani analia. Shuka lake lina viraka vitatu. Sasa viraka vyenyewe vimo kwenye kitabu cha Serikali!"

Tabea alijua kazi ni ya nani. Mika alikuwa amemwambia siku ile ile ya kwanza, maana hakuna mtu anayeweza kuficha kitu mbele ya Tabea. Lakini Mika aliapa, kwa hiyo Tabea alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka bila kujibu. Nyuma yake alisikia mtu anacheka, na kicheko hicho kilimfuata mpaka mlangoni kwake.

Siku hiyo hiyo Jumbe Gideoni alifika njia panda kwa baiskeli. Jumbe ndiye aliyekuwa akikusanya kodi ya kichwa kwa niaba ya boma, na habari kwamba kuna mtu mwingine anaandika watu wake zilikuwa zimemkosesha raha.

"Simama, wewe," alimwambia Mika. "Unakaa na mimi nimesimama?"

Mika alisimama. Watu waliokuwa shambani walisogea ukingoni mwa barabara ili waone.

"Nani kakupa ruhusa ya kuandika watu?"

"Ni kazi ya mtu, Jumbe. Si ya Serikali, wala haina ubaya."

"Mtu gani?"

"Nimekatazwa kusema."

"Umekatazwa kuniambia mimi?" Jumbe alilinyakua daftari, akalifungua, akalipekua ukurasa baada ya ukurasa. "Mwanamke, kikapu, viazi, hana viatu," alisoma kwa sauti kubwa. "Mwanamume, shati limechanika mgongoni, hana mzigo. Mwanamke, mtoto mgongoni, chupa tupu ya mafuta ya taa." Watu wakaanza kuguna, kila mmoja akijitafuta humo. Jumbe alimtupia Mika daftari likaanguka vumbini. "Nitamwuliza Bwana Shauri kule bomani. Akisema hakujui, utalala ndani."

Mika aliinama akaliokota, akalipangusa kwa kiganja cha mkono. Alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Mpaka jua linazama aliandika watu saba.

* * *

"Kwa hesabu hii," Mika alisema jioni, wakiwa wamezunguka moto, "Bwana Nurali ataona Makambako wanaishi ndege."

Mama yake, Bibi Yunisi, alikuwa akimenya viazi. Hakucheka. "Duka litakwenda Ilembula," alisema, "na wewe utakwenda Tanga. Mimi safari hii sitakungoja, mwanangu. Nimechoka kuwa hai kwa ajili ya kungoja."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Moto huu ni wa kwangu, nasema ninachotaka."

Tabea alimpa Ida kiazi, akalamba chumvi iliyobaki kidoleni. Makambako wakati ule ilikuwa na kibanda kimoja. Chumvi ilikuwapo wiki hii, wiki ijayo haipo, na ikiwapo mwenye kibanda aliipima kwa kijiko cha chai. Anayetaka jembe, au blanketi, au mafuta ya taa zaidi ya chupa moja, alitembea mpaka Njombe na kulala njiani.

"Baba Ida," alisema hatimaye, "uliapa kwamba hutasema?"

"Niliapa."

"Mimi niliapa?"

Mika alimtazama. "Mama Ida, tafadhali."

"Nimeuliza tu."

"Ukisema wewe ni sawa na mimi nimesema."

"Si sawa," aliingilia Bibi Yunisi, na kwa mara ya kwanza jioni ile uso wake ulichangamka. "Hata kidogo. Yeye ana mdomo wake."

* * *

Jumamosi Tabea alimwambia Emerensiana, na Emerensiana peke yake. Jumapili habari zilikuwa zimeingia katika kanisa la Walutheri, na kutoka kwa Wakatoliki zilikuwa zinarudi kwa njia nyingine. Si kodi. Ni duka. Duka kubwa la bati, lenye chumvi ya gunia, na litajengwa hapa kama tu watu wakipita wengi!

Jumatatu, kabla jua halijapanda juu ya vilima, Mika alifika kwenye kigoda chake akakuta watu wanamngoja.

Walipita. Walipita na vikapu, na matenga, na mizigo ya kuni, na majembe begani. Walipita kwenda Mbeya, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakapita kwenda Iringa. Kwa kuwa walisikia nguo nazo zinaandikwa, walivaa nzuri kuliko zote walizo nazo. Wanaume walivaa makoti ya harusi zao katikati ya asubuhi ya kazi. Emerensiana alipita na kitambaa cheupe cha komunyo ya kwanza ya mtoto wake kichwani. Mzee mmoja alipita mara nne na kuku yule yule, na mara ya nne alimbeba kwa mkono mwingine, ili aonekane ni kuku mwingine. Jumbe Gideoni, ambaye alikuwa amesahau kabisa habari za Bwana Shauri, alipita kwa baiskeli mara sita, na kila mara aligonga kengele.

"Umeniandika?" aliuliza mara ya sita.

"Nimekuandika, Jumbe."

"Andika na kengele."

Telesia naye alipita. Alikuwa ameazima kitenge cha dada yake, akatembea polepole katikati ya barabara, uso juu, na alipofika mbele ya Mika aligeuka mzunguko mmoja mzima ili pasisahaulike kitu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mika naye, aliyekuwa ameapa kukaza uso, alicheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Jioni alijumlisha. Watu mia nne kumi na wanane. Kesho yake walikuwa zaidi ya mia tano.

* * *

"Mbona umenuna?" Tabea alimwuliza. "Mia tano! Atakuletea maduka mawili."

"Ni uongo."

"Uongo gani? Hawakupita?"

"Mama Ida, yule kuku nimemwandika mara nne."

Tabea alianza kucheka, lakini Mika hakucheka naye. "Sikiliza," alisema. "Tuseme nampelekea hii. Anajenga. Analeta magunia ishirini ya chumvi kwa watu mia tano, halafu wanakuja watu mia moja. Baada ya miezi mitatu anafunga. Atakayekuwa amesimama nyuma ya kaunta siku hiyo ni nani? Mimi. Na hawa wote waliovaa makoti wataniangalia mimi. Siwezi."

"Na ukimpelekea zile za watu saba?"

"Nazo ni uongo. Zile ni za watu waliojificha."

Tabea alikaa chini. Alikuwa amekasirika, kwa sababu alikuwa ameipenda Jumatatu ile kuliko siku yoyote tangu aolewe, na sasa mumewe alikuwa anainyang'anya. Alichukua daftari akalifungua. Alisoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa katika darasa la ubatizo.

"Chupa tupu ya mafuta ya taa," alisoma. "Huyu alikuwa anakwenda Njombe?"

"Njombe."

"Unajua alirudi nayo imejaa?"

"Sijui. Sikumwona akirudi."

"Basi hujui lolote," Tabea alisema. "Barabarani utaona miguu tu. Mtu anunue nini, akose nini, hayo yako nyumbani. Twende nyumbani kwao tukaulize."

"Hakuniagiza hivyo."

"Hakukuagiza, lakini alikukataza?"

Mika alifikiri kidogo. "Hakunikataza."

Wakaenda. Kila asubuhi na mapema, na kila jioni Mika akitoka barabarani, walikwenda nyumba kwa nyumba. Tabea aliuliza na Mika aliandika. Mwaka huu mmenunua nini? Wapi? Kama hamkununua, kwa nini? Mwanzoni watu walitaka kujikweza. Mzee wa kuku alisema hununua sukari kila wiki.

"Sukari iko wapi?" Tabea alimwuliza. "Nionjeshe."

Mzee alimtazama, akacheka mwenyewe. "Andika hakuna," alisema.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Watu walitoa vyombo vyao wakavionyesha: kibatari kisicho na mafuta, jembe lililolika likabaki kama kijiko. Jumbe Gideoni, baada ya kufunga mlango, alikiri kwamba hajalala vizuri toka Juni kwa sababu blanketi la nyumbani kwake ni moja na mkewe hulivuta. Nyumbani kwa Telesia, Mika alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shemeji, karibu," Telesia alimwambia. "Nimeshakusamehe. Andika: shuka, sijanunua miaka mitatu."

"Kwa nini?" aliuliza Tabea taratibu.

"Fedha ya shuka ninayo. Nimeuza viazi. Lakini Njombe ni kwenda na kurudi siku nne kwa miguu, nina mtoto wa kunyonya na mama asiyeinuka kitandani. Nimwachie nani?" Alichomoa noti ya shilingi kumi kutoka kwenye kibweta, imekunjwa mara nyingi hadi imekuwa laini kama kitambaa. "Andika na hii. Andika kwamba ipo."

Mika aliandika kwamba ipo.

* * *

Wiki tatu zilipokwisha walipanda lori la mahindi kwenda Njombe, siku ya Alhamisi, wote wawili, kwa sababu Tabea alikataa kubaki. Bwana Nurali alikuwa nyuma ya meza yake, miwani puani, kati ya marobota ya nguo. Alimpokea Mika kwa heshima, akamwagizia Tabea kiti, akafungua daftari.

"Hapa watu saba," alisema. "Na hapa, Jumatatu, mia nne kumi na wanane. Kulikuwa na mnada?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa moja, na Bwana Nurali mwenyewe ndiye aliyelileta.

"Hapakuwa na mnada, Bwana. Wale saba walikuwa wananikimbia, wakidhani ni kodi. Hawa mia nne walikuwa wanapita makusudi ili ujenge. Wengine wamepita mara sita."

Bwana Nurali alivua miwani. "Nilikuambia iwe siri."

"Yeye hakusema," Tabea alidakia. "Niliyesema ni mimi."

"Basi hesabu hii haina kazi." Alilisukuma daftari mezani. "Wiki tatu zimepotea. Shilingi thelathini zenu mtapata, mimi sidhulumu mtu. Lakini sina cha kujengea duka hapa."

Mika aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshaanza kuliona lori la Tanga, na mahali atakapokaa ndani yake, pale nyuma kwenye ubao wa mwisho.

"Geuza ukurasa, Bwana," alisema Tabea.

"Nini?"

"Hujamaliza. Geuza."

Bwana Nurali aligeuza, kwa adabu tu. Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Zilikuwa nyumba sitini na tatu, kila moja na mstari wake: walichonunua, walikonunulia, walichokosa, na sababu. Barazani cherehani ya fundi iliendelea kulia. Alipofika ukurasa wa tatu alianza kuhesabu kitu kwa kidole.

"Blanketi," alisema. "Nyumba arobaini na moja zinataka blanketi? Mimi nilitaka kupeleka vitambaa vyepesi."

"Vyepesi vya nini?" alishangaa Tabea. "Umewahi kulala Makambako mwezi wa sita? Upepo wa pale unaingia mpaka kwenye ndoto. Na usilete nyeupe. Vumbi letu ni jekundu, nyeupe utaivaa wiki moja tu. Lete bluu, lete kaniki."

"Na huyu mwenye noti ya shilingi kumi? Ipo kweli?"

"Nimeishika," alisema Mika.

Bwana Nurali alivuta mtoto wa meza akatoa daftari jingine, safi, halina hata alama ya kidole. "Hili limetoka Ilembula. Nilimtuma mtu mwingine. Tazameni. Jumatatu watu mia mbili hamsini. Jumanne mia mbili hamsini. Wiki tatu nzima, mia mbili hamsini, hapungui mtu hata Jumapili." Alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika. "Nilikuwa nimeshalipenda. Nilisema, hii ndiyo hesabu! Kumbe bwana alikuwa amelala kwake." Alilifunga. "Nitajenga Makambako. Mika, utaanza mwezi ujao kusimamia mafundi, na duka likiisha utakuwa karani. Shilingi hamsini kwa mwezi. Unakubali?"

Mika alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi?" aliuliza Tabea.

"Wewe?"

"Hizi nyumba nimeuliza mimi. Mwakani watu watataka vitu vingine. Nani atakayekwambia?"

Mika alimkanyaga mguu chini ya meza. Tabea aliusogeza mguu wake.

"Kila baada ya miezi mitatu uniulizie," alisema Bwana Nurali polepole. "Nitakupa shilingi sita kila ukizunguka."

"Kumi."

"Nane."

"Nane, na blanketi moja leo."

Bwana Nurali aligeukia rafu, akashusha blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu, akampa kwa mikono miwili.

* * *

Lori la kurudi lilikuwa na mabati tu, na baridi ya saa kumi na moja jioni ilikuwa imeshaanza kuuma. Walijifunika blanketi pamoja, migongo kwenye bodi. Mika alitazama barabara ikirudi nyuma kwa maili nyingi. Halafu akasema, "Nane na blanketi!" Wakacheka mpaka dereva akachungulia nyuma.

"Uliogopa?" Tabea alimwuliza.

"Niliogopa sana. Aliposema mnada."

"Mimi ningesema ndiyo," alikiri Tabea. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ukaniwahi."

Walipofika njia panda watu walikuwa wamejaa. Hakuna aliyewaambia wangoje, na hakuna aliyekuwa amekubali kwenda nyumbani. Bibi Yunisi alikuwa mbele, amekalia kigoda kile kile cha kuhesabia, Ida mapajani mwake. Tabea hakungoja lori lisimame. Alisimama juu ya mabati, blanketi begani, akapiga kelele: "Linajengwa!"

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Bibi Yunisi alipiga kigelegele kimoja kirefu ambacho watu hawakujua kwamba bado anacho, akaanza kucheza palepale, na wanawake wote wakaingia nyuma yake. Mtu alileta ngoma. Jumbe Gideoni aligonga kengele ya baiskeli mpaka ikalegea. Mika aliteremka, na Ida, ambaye miezi yote hiyo alikuwa akimwendea kwa kusukumwa, aliona kila mtu anamkumbatia baba yake akaona na yeye asikose. Alimkimbilia akamrukia shingoni.

Basi lililotoka Mbeya lilifika wakati huo, likapiga honi, likashindwa kupita. Abiria walitoa vichwa madirishani. Dereva aliteremka, akamshika mkono Emerensiana aliyekuwa karibu.

"Mama, harusi ya nani?"

"Si harusi, baba. Tunapata duka."

Dereva alimtazama, akatazama barabara ilivyojaa watu wanaocheza, akatazama saa yake. Kisha alirudi akazima injini, na abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja kuja kucheza.